Nondo Ametaga, Korongo Amelaumiwa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni sana. Miaka yote niliyokuwa nikikimbizana na muda hakuna aliyenipa hata ya mkononi. Sasa sina pa kuwahi, ndiyo nimeletewa saa kubwa kama sinia. Nimeitundika sebuleni juu ya televisheni. Ikifika saa nne asubuhi nakumbuka kwamba nyinyi mko kwenye chai, na ikifika saa tano nakumbuka kwamba bado mko kwenye chai.

Halafu mkaniomba niandike machache ya kuwafaa vijana wa ofisi yetu ya kilimo. Habari za vyeo sitaziandika. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnawajua waliovipata. Nitaandika habari za wawili niliofanya nao kazi tangu siku yangu ya kwanza Voi, yaani nondo wa viwavijeshi na korongo tumbo-jeupe. Mmoja ni mdudu wa kijivu asiyejaza kijiko cha chai, mwingine ni ndege wa miguu mirefu anayetembea kama mkaguzi wa shule. Mkijua kuwatofautisha hao wawili, na nani alikuja kufanya nini, mtakuwa mabwana shamba. Mkishindwa msijali, mtapandishwa cheo. Nimeona kwa macho yangu.

Nilifika Voi nikitoka chuoni, na viatu vyenye kisigino. Aliyenipokea ni Bwana Kilonzo, afisa wa zamani aliyetokea Kibwezi, mtu mnene mwenye kofia ambayo jua lilikuwa limeila rangi. Alitazama viatu vyangu muda mrefu kuliko alivyotazama barua yangu ya kazi.

"Madam," akasema, "hivyo ni vya kanisani. Kesho vaa vya kwenda kuzimu."

Kesho yake nilivaa gambuti za mama yangu, na tangu siku hiyo wakulima wakaniita Bwana Shamba. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Nilikuwa nasema mimi ni mwanamke, na wao wananijibu, "Ndiyo, Bwana Shamba, tunaona." Nikachoka, nikaitika.

Kilonzo alinipeleka nyuma ya ofisi kunionyesha chombo changu cha kwanza cha kazi. Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyoning'inizwa kwenye nguzo, ina kifuniko cha kijani na faneli chini yake. Ndani ya kifuniko kuna kipande cha mpira kilichotiwa harufu ya nondo jike. Madume wanainusa kutoka mbali, wanakuja mbio, wanazunguka wakimtafuta bibi harusi, wanatumbukia. Asubuhi unafungua ndoo na kuona wameingia wangapi. Wakiwa wachache, endelea na maisha. Wakijaa, wewe na wakulima wako mna siku chache tu kabla mambo hayajaharibika.

"Hapa ndipo utawajua wanaume," Kilonzo akaniambia, akichungulia ndani. "Wanakufa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa anaweza kulala mkutanini macho wazi, na aliamini kabisa kwamba sukuma wiki ikipandwa na mtu mgomvi inastawi zaidi, kwa hiyo kila msimu alinitafutia miche. Lakini alinifundisha mambo mawili ambayo chuoni hayakuwepo. La kwanza, geuza jani. Juu ya jani ni pa kila mtu, ukweli uko chini. La pili alinipa tukiwa juu ya pikipiki yake, akipaza sauti upepo usimmeze: "Mkulima akija kulia, usimuulize mmea unaumwa na nini! Muulize anamlaumu nani! Akishakutajia, huyo mwondoe, halafu anza kutafuta!"

Sasa nianze na nondo, maana yeye hufika kwanza.

Mkimwona hamtampa heshima yoyote. Ni kama vumbi lililofagiwa likasahauliwa pembeni. Anakuja na upepo unaotangulia mvua ya vuli, gizani, bila hodi. Jike anatafuta jani la nyasi au la mahindi, anataga mayai yake kwa fungu, anayafunika na vinyoya vya tumbo lake mwenyewe kama mama anayefunika mtoto leso, kisha huyo, kwaheri. Yeye mwenyewe hali jani. Anakunywa umande na maji ya maua kama bibi wa mjini. Ukimpeleka mahakamani utashindwa kesi, kwa sababu hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kumwona na jani mdomoni. Watoto wake ndio wanaokula. Kwanza ni vidudu vidogo vya kijani chini ya jani, huvioni. Baadaye wanakuwa weusi, wanajaa, wanatembea kwa safu kama askari walionyimwa mshahara, na wanaacha mabua.

Korongo anakuja na mawingu yaleyale, lakini yeye anakuja mchana, mbele za watu. Wanazunguka juu ya mji kundi zima kama wamesahau anwani, kisha wanashuka. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, uso wa bluu, magoti mekundu. Vitabu vinamweka pamoja na ndege warefu wa kutembea majini, na kweli ndugu zake wengine ukienda Ziwa Jipe utawakuta wamesimama kwenye matope tangu asubuhi. Huyu wetu sijamwona hata siku moja akilowesha kidole. Amepewa gambuti na Mungu akaamua kuzivalia nchi kavu. Anatembea ndani ya mahindi na nyasi kama wenzake wanavyotembea ndani ya maji, hatua moja, anasimama, anainama, anaokota, hatua nyingine. Hapigi kelele. Anachookota ni kiwavi.

Wote wawili ni wageni wa mvua, na wote hawalipi kodi. Wote wataondoka bila kuaga. Tofauti ni kwamba mmoja anakuachia watoto walafi na mwingine anakuachia kinyesi tu, ambacho ni mbolea. Ofisini kwetu nimefanya kazi na watu wa aina zote mbili. Wapo waliokuja usiku na upepo wa uhamisho, wakataga mradi, wakaufunika vizuri na picha, na ulipoanza kuangua wakawa wameshahamia kaunti nyingine. Na wapo waliotembea mashambani bila maneno, wakiinama na kuokota. Hao wa pili ndio waliokuwa wanaandikiwa barua za onyo, kwa sababu ndio walioonekana. Aliyeonekana ndiye mwenye makosa. Hiyo ndiyo sheria ya ofisi, na mwaka ninaotaka kuwaeleza ilikuwa karibu imnyime chakula mwanamke mmoja wa Mbololo.

Mwanamke huyo ni Wakesho. Shamba lake liko chini, mahali milima ya Mbololo inapoisha na joto linapoanza. Mumewe alikuwa Mombasa akilinda makontena, anarudi Krismasi. Huku chini mvua ya kutegemea ni hiyo ya vuli. Masika ni bahati nasibu. Mwaka huo Wakesho alikuwa amepanda mbegu yote aliyokuwa nayo, hakubakisha hata ya kukaanga. Mvua ikanyesha vizuri, mahindi yakafika magotini. Kama yangeliwa, hakuwa na cha kupanda tena wala mvua ya kukipandia, na nyumba yake yote ingetazama vuli nyingine ikiwa na njaa. Hilo lilikuwa wazi kwake na kwangu.

Jirani yake alikuwa Malemba. Malemba alikuwa mvivu kwa kipaji, sijui niseme vipi. Alipanda kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa umeshika kikombe cha mbangara, pombe yetu ya miwa. Palizi yake ilikuwa ahadi. Wakesho alikuwa akisema kwamba Malemba akifa itabidi watu wamkumbushe.

Kilonzo wakati huo alikuwa ameshastaafu, ameniachia pikipiki. Tulikuwa na mkuu mpya, tuliyemwita Mkubwa. Jina lake silitaji. Naye amestaafu, anafuga kuku, na sitaki kuwaudhi kuku.

Asubuhi moja nilifungua ule mtego nikakuta nondo wamejaa mpaka faneli imeziba. Nikaibeba ndoo nzima mpaka mezani kwake.

"Hao vipepeo umeniletea wa nini?" akauliza.

"Ni nondo, Mkubwa. Baada ya siku si nyingi watoto wao watakuwa kwenye mahindi ya watu. Naomba gari twende tukawaonye wakulima wakague mashamba."

"Hao wanakula mahindi?"

"Hawa wenyewe hapana."

"Sasa?"

Nikamweleza tena, polepole. Akanisikiliza vizuri, hilo sitamnyima. Kisha akaniambia kwamba petroli ya msimu ule ilikuwa imetengwa kwa ndege waharibifu, maana makao makuu walikuwa na wasiwasi na kwelea, wale wadogo wa mdomo mwekundu wanaomaliza mtama. Viwavi hawakuwa na petroli.

"Kama wangekuwa na mabawa ningekusaidia," akasema.

"Wana mabawa, Mkubwa. Wako ndani ya ndoo."

Akaniambia niiondoe ndoo, inanuka.

Nilienda Mbololo na pikipiki. Nikamkuta Wakesho akipalilia, nikageuza jani, nikamwonyesha vile vidudu vidogo. Akavitazama, akavifinya kwa kidole gumba. "Hivi ndivyo vya kunitisha?" Nikamwambia vitakua. Dawa stoo kwetu hatukuwa nayo. Tulikuwa na ya kupe, na ya kahawa, ambayo Voi hailimwi. Maduka ya mjini nayo yaliishiwa siku ileile redio ilipotaja neno viwavi. Nikamwambia akague kila asubuhi, afinye, azungushie mtaro. Akasema sawa, Bwana Shamba, kwa ile sauti ya mtu anayengoja uondoke aendelee na kazi.

Kisha viwavi wakawa weusi, na siku hiyohiyo korongo wakashuka.

Lazima niseme jambo kuhusu watu wetu, nami ni mmoja wao. Huku dawa ya kila kitu ni debe. Ndovu akitoka mbugani akaja mahindini, debe. Nyani akishuka mlimani, debe. Tetere, kwelea, nguruwe mwitu, debe. Tumeamia mashamba hivyo, kuyalinda kwa kelele, tangu mababu, na kusema kweli tumeponea hapo. Kwa hiyo mtu wa Mbololo akiona kitu kirefu kinatembea ndani ya mahindi yake, mkono unaenda kwenye debe kabla akili haijaulizwa. Na hapa korongo mamia wanatembea shambani, na shambani humohumo majani yanaisha. Mtu atafikiri nini?

Chifu akaitisha baraza. Na ajabu ya Mungu, Mkubwa akatokea na gari! Ndege walikuwa wametua, petroli ikapatikana. Gari lilikuwa na kipaza sauti juu, cha kampeni za kwelea. Akaeleza wananchi kwamba ofisi imelichukulia jambo hili kwa uzito, kwamba korongo huyu anafuatana na viwavi kila anapokwenda, na kwamba huenda ndiye anayewaleta. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaomba kusema.

"Korongo anakula viwavi," nikasema. "Aliyewaleta ni nondo, ameshaondoka. Mkifukuza ndege, mmefukuza msaada. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Halafu Wakesho akasimama, leso kiunoni, kombeo lake la katani limening'inia begani. Lile kombeo lilijulikana. Alikuwa anaweza kumtoa tetere juu ya mti bila kugusa jani.

"Bwana Shamba, nakuheshimu," akasema. "Lakini mwizi akikutwa ndani ya nyumba yako, utasema alikuja kukufagilia?"

Watu walicheka mpaka Chifu akavua kofia ajipepee. Nami, pamoja na hasira niliyokuwa nayo, nilikiri moyoni kwamba nimepigwa. Sala ya kufunga ikasaliwa, na kuanzia mchana ule Mbololo yote ikawa ngoma.

Mungu wangu, kelele ile! Madebe, sufuria, filimbi za mpira, ngoma ya kanisa iliyoazimwa. Gari letu likipita barabarani na kipaza sauti, wimbo wa injili kwanza, kisha sauti ya Mkubwa ikihimiza wananchi wasichoke. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku zile yalikuwa yanavuma ya chini na ya juu ya gari. Korongo walikuwa wanaruka, wanazunguka, wanatafuta mahali penye amani. Palikuwepo mahali pamoja tu. Malemba alikuwa amelala.

Hakukataa kuamia kwa sababu ya elimu. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kelele za wengine zilimtosha. Kwa hiyo korongo waliofukuzwa kila shamba walijazana kwake, bega kwa bega, wakiokota siku nzima huku mwenye shamba akikoroma chini ya kibanda.

Nilirudi kwa Wakesho nikiwa na woga. Kabla ya kuzima pikipiki niliona nusu ya juu ya shamba imebaki njiti. Nikazima, nikasikia. Mkiwa hamjawahi kusikia viwavi wakila, ni kama manyunyu juu ya majani makavu, na hakuna wingu. Walikuwa wanashuka kwa safu kuelekea nusu ya chini. Wakesho alikuwa amesimama mpakani, sauti imemkauka, macho mekundu. Miguuni pake palikuwa na korongo mfu.

"Huyu nimempata," akaniambia. "Jiwe moja. Wengine wakaogopa. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kwangu leo."

Nilitaka kupiga kelele.

"Mpasue," nikasema.

"Nini?"

"Umechinja kuku wangapi maishani mwako? Mpasue firigisi. Huko ndiko kuna habari."

Akanitazama kama nimepandwa na kitu, lakini mkono wa mwanamke aliyechinja kuku hauhitaji kushawishiwa. Akachukua kisu, akamfungua yule ndege, akaitoa firigisi, akaichana kama anavyochana ya kuku wa Krismasi. Ikafunguka. Ilikuwa imejaa viwavi, weusi, wamesokotana, wengine bado wanajinyonganyonga. Hapakuwa na punje moja ya hindi. Hapakuwa na kipande cha jani.

Wakesho aliigeuzageuza ile firigisi kiganjani. Akainua macho akatazama upande wa Malemba. Mahindi ya yule mlevi yalikuwa yamechanikachanika, lakini yamesimama, kijani, mpaka mwisho wa shamba, na korongo wakitembea katikati yake bila haraka. Akatazama njiti zake. Kisha akaketi chini kwenye udongo, kisu mkononi.

"Nimempiga kibarua wangu," akasema.

Akalia. Nilimwonea huruma, na nikaichukia ofisi yangu, na lile gari lililokuwa bado linasikika barabarani likiimba.

Alipomaliza kulia alisimama, akajifuta kwa leso. "Ile nusu ya chini bado," akasema. "Lakini mimi nikinyamaza peke yangu, hawa wote wakiendelea kupiga, ndege hawatatua. Gari liko wapi?"

Mkubwa alikuwa kwa Chifu, anakula. Wageni wa ofisi wakija Mbololo lazima kuku afe, na firigisi ni ya mgeni wa heshima. Ukimpa mgeni mkubwa paja bila firigisi, umemtukana na ukoo wake. Wakesho alijua hivyo. Akaweka ile firigisi ndani ya sufuria ndogo, akaifunika, akaifunga na leso, tukaenda. Uani kwa Chifu palikuwa na watu wengi, wengine wametua madebe yao wapate supu.

"Mkubwa," Wakesho akasema kwa adabu zote, "nasikia umepewa kuku. Mimi nimekuletea firigisi."

Mkubwa akafurahi. Akaosha mikono tena. Akafungua kifuniko, na kila aliyekuwa karibu akanyoosha shingo. Nikaona wazee wawili wakiweka sahani zao chini. Mkubwa aliangalia ndani muda mrefu, na mimi nikajiambia, haya sasa, leo ukweli umemfikia kwenye sahani, hana pa kukimbilia.

Uso wake ukang'aa.

"Si mnaona!" akasema, akiinua sufuria watu wote waone. "Si nilisema! Huyu ndege anabeba viwavi! Ushahidi ndio huu!"

Wallahi, nilifumba macho. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na miaka mingi kazini, na vyote havikunifaa kitu. Nilitamani Kilonzo angekuwepo, angalau alale.

Ni Wakesho aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Kumbe anabeba, Mkubwa?"

"Anabeba, mama! Umejionea!"

"Basi mwacheni abebe. Kwangu wamebaki wengi. Abebe wote."

Chifu ndiye aliyeanza kucheka. Chifu huyo hakuwa msomi sana, lakini alijua upepo unavuma wapi. Kicheko kikazunguka ua mzima, mpaka dereva wetu akaenda kujificha nyuma ya gari. Mkubwa naye akacheka, akidhani wanacheka pamoja naye. "Haya," Chifu akasema akijipangusa macho, "kizimeni hicho kipaza. Na madebe yapumzike, tuone huu mzigo utabebwa mpaka wapi."

Mbololo ikanyamaza. Asubuhi iliyofuata korongo walikuwa kwa Wakesho, wametapakaa kwenye nusu ya chini, hatua, simama, inama, okota. Nusu ile ilipona. Ilimfikisha mavuno mengine kwa shida, kwa uji mwepesi, na kwa mahindi aliyokopa kwa Malemba, jambo lililomuuma kuliko njaa yenyewe.

Kuhusu ofisi, msiwe na wasiwasi, ilijipongeza. Siku ya maonyesho ya wakulima Voi, Malemba alipewa kikombe cha mkulima bora kwa bidii ya kuamia. Alipoombwa kusema neno, alishika kipaza sauti akasema, "Mimi nililala tu." Mkubwa akakinyakua kile kipaza. "Anamaanisha," akawafafanulia wananchi, "kwamba alikuwa analala shambani." Makofi. Kikombe kile Malemba anakinywea mbangara mpaka leo.

Mnakumbuka Wakesho alikuja siku ya kuniaga, yule mama aliyekaa nyuma karibu na mlango, mkadhani amekuja kuuliza mbolea ya ruzuku. Mlipomaliza kunikabidhi saa, alinivuta pembeni akanitia kitu mkononi. Lilikuwa kombeo lake, katani imelainika kwa miaka.

"Kaa nalo," akaniambia. "Mkono bado unajua kulenga, nami siuamini."

Nimelitundika msumari mmoja na saa yenu.

Haya, nilikuwa nimalize hapo. Lakini mvua ya vuli imeshika, na wiki hii mmoja wenu, jina namsitiri, amenipigia simu. "Mama, korongo wamejaa Mbololo, wakulima wanalalamika. Tumeomba gari. Una ushauri?" Nikamuuliza mtego una nondo wangapi. Akaniuliza, "Mtego upi, Mama?" Ile ndoo nyuma ya ofisi, nikasema, yenye kifuniko cha kijani. "Aah, ile! Ile anatumia mama wa usafi kupigia deki."

Nikakata simu. Nikavaa gambuti, mimi mstaafu, nikapanda bodaboda mpaka Mbololo. Njiani nilikuwa nimeshapanga hotuba, na hasira yote iko tayari, kama nitakuta hata debe moja linalia, mtu atanitambua.

Nilipofika palikuwa kimya. Wakesho alikuwa amefika kabla yangu kwenye shamba lake. Amekaa mpakani kwenye jiwe, mzee sasa, mikono mitupu mapajani. Mbele yake mahindi yalikuwa magotini, na ndani ya mahindi korongo walikuwa wanatembea. Nikamkaribia nikaanza kumwamkia kwa sauti yangu hii mnayoijua.

Akaweka kidole mdomoni, hakugeuka hata kunitazama.

"Shii, Bwana Shamba," akasema. "Watu wako kazini."